Jina Lililokosekana kwenye Fomu

Kila akitoka shule, Providence huvua sare, huchota maji, kisha huketi mlangoni kumsomea baba yake, mzee Gratien, chochote kilichoingia nyumbani siku hiyo: ujumbe wa simu, tangazo la mkutano, hata maelezo ya pakiti ya mbegu. Baba alisoma kwao Burundi, kwa Kirundi, na Kiswahili cha kuandika kinamshinda. Basi katika nyumba yao pale Mwamkulu, kalamu ilikuwa ya Providence, mwanafunzi wa darasa la sita.

Jumatatu moja kazi ilikuwa fomu ya kuomba ukaazi wa kudumu. Baba na mama yake wa kambo, Immaculata, walikuwa raia wa Burundi. Providence alikuwa Mtanzania, kwa sababu marehemu mama yake alikuwa Mtanzania, Mpimbwe wa Usevya.

"Hapa wanataka watoto," baba alisema. "Anza na wewe, halafu wadogo zako, Method na Hezron."

Kalamu ikasita. Mchana ule, wakati wa mapumziko, Mwandu wa darasani kwao alikuwa amemwuliza mbele ya wenzake, "Providence, nyie mnarudi lini kwenu?" Wote walicheka. Providence akawaza: nikijiandika humu, na mimi nitakuwa mgeni. Akaandika Method. Akaandika Hezron. Basi.

"Umewaandika wote?"

"Ndiyo, baba."

Baba akatia sahihi bila kuuliza zaidi. Providence aliikunja fomu haraka.

Alhamisi familia nzima ilikwenda ofisi ya uhamiaji, Mpanda mjini. Ofisa aliyewapokea, dada Lucia, alizipitia karatasi moja moja, kisha akarudi kwenye ile ya kwanza.

"Mzee, barua ya mtendaji wa kata yenu inasema una watoto watatu. Fomu inasema wawili. Nishike lipi?"

"Ni watatu," baba alijibu. "Huyu binti ndiye wa kwanza. Mama yake alifariki."

Lucia akamgeukia Immaculata. "Kumbe si wa kumzaa. Ndiyo maana mmemruka?"

Immaculata aliinamisha kichwa. "Nimemlea tangu ana miaka mitatu, dada," alisema polepole.

"Mama, kumficha mtoto si jambo dogo. Ombi likionekana lina uongo, linakataliwa."

Providence alimtazama mama yake akimkumbatia Hezron kwa nguvu. 

"Ni mimi niliyeandika," alisema. "Nilijiacha mwenyewe. Nilidhani nikiandikwa pamoja nao sitakuwa raia tena. Halafu... niliona aibu."

"Unatuonea aibu sisi?" baba aliuliza kwa sauti ya chini.

 Providence alitazama viatu vya baba, ambavyo mzee alikuwa amevipiga rangi asubuhi ile kwa ajili ya safari hii, machozi yakamdondoka.

Lucia alimpa kitambaa, kisha akamfafanulia. "Uraia wako umeupata kwa mama yako aliyekuzaa. Fomu hii haiuchukui. Inauliza watoto wote, raia na wasio raia, ili familia ijulikane yote. Ulipojitoa hukujilinda. Uliwafanya wazazi wako waonekane waongo."

Akamsogezea fomu mpya. Safari hii Providence alianza na jina lake, na kando yake akaandika: Mtanzania. Akamsomea baba mstari kwa mstari, mpaka mwisho. Baba akatia sahihi, na Lucia akagonga muhuri wa kupokea ombi.

Walipotoka nje, Providence aliwapigia magoti wazazi wake. "Nisameheni. Zaidi wewe, mama."

Immaculata alimwinua, akampangusa vumbi magotini kama alivyozoea kumfanyia alipokuwa mdogo. "Yamekwisha, mwanangu."

"Nami nimekusamehe," baba alisema. "Ila nisikilize. Mimi siwezi kusoma ulichoandika. Nikitia sahihi, nimekuamini wewe. Ukituonea aibu, njoo uniambie, tutazungumza, hata kama itaniuma. Ukinificha, utatuumiza wote, na wewe ukiwemo."