Mashati ya Dada, Mashuka ya Mdogo Wake

Watu wa mtaa walimwita Bi Pasi, naye aliitika kwa furaha. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa duka la dobi. Yeye, mumewe na binamu yake walifua nguo za watu, wakazipiga pasi na kuzikunja. Mume alikuwa mtu wa utani. Akikunja suruali ya mteja mnene, alisema ile si suruali, ni nyumba ya kupangisha.

Mdogo wake Bi Pasi aliolewa nchi jirani, naye alikuwa na duka la dobi huko. Kila Jumapili ndugu hawa walipigiana simu. Jumapili moja mdogo mtu alisema, "Dada, sisi sasa tunatoa nguo mia tatu kwa siku."

Bi Pasi alijisikia vibaya. Wao walitoa mia na ishirini tu. Akajiambia kwamba watu wake ni wavivu.

Kesho yake alifuta mapumziko ya chai. Alisimama nyuma ya kila mtu akihimiza, na kila neno lake lilianza na "wenzenu kule". Utani wa mume ukakauka. Binamu alifanya kazi roho mkononi, na siku ya Ijumaa akaunguza mkono wa koti la mteja. Bi Pasi alimfokea mbele za watu. Binamu akavua aproni, akaikunja vizuri, akaenda kufunga mizigo yake.

Wakati huo jirani yao aliingia kuchukua gauni lake. Mama huyu alikuwa mtakwimu: kazi yake ofisini ni kupima na kulinganisha shughuli za nchi mbalimbali. Mume akamweleza yaliyotokea.

"Kwa mdogo wako wanafanya kazi watu wangapi?" jirani alimwuliza Bi Pasi.

"Watano. Kwa saa kumi."

"Na nyinyi ni watatu, kwa saa nane. Basi usilinganishe duka na duka. Uliza mtu mmoja, kwa saa moja, anatoa nguo ngapi. Hiyo ndiyo tija."

Walipiga hesabu pale kaunta. Kwa mdogo mtu, kila mtu alitoa nguo sita kwa saa. Kwa Bi Pasi, tano. Bi Pasi aliona aibu. Pengo alilodhani ni bonde lilikuwa mfereji.

Jirani akataka kujua kule wanafua nguo gani. Bi Pasi alikumbuka kwamba wateja wengi wa mdogo wake ni nyumba za wageni, zinazoleta mashuka. Shuka ni rahisi kupiga pasi kuliko shati lenye kola na vifungo. Kwa hiyo hata zile sita na tano hazikulinganishika. Jirani alisema ofisini kwao pia huanza na jambo hilo. Hawalinganishi bei tupu, kwa sababu kila nchi ina fedha yake na bei zake. Huangalia kwanza kama huduma ni ya aina moja.

"Na mwaka jana?" jirani aliuliza.

Bi Pasi alimpigia mdogo wake simu. Mwaka jana kule kila mtu alikuwa akitoa nguo nne kwa saa. Kwa Bi Pasi zilikuwa tano, na zimebaki tano.

"Hapo ndipo pa kutazama," jirani alisema. "Siku moja haikwambii kitu. Mwenzako anapanda, wewe umesimama. Muulize alibadilisha nini."

Mdogo mtu alicheka kwenye simu. Hakuongeza kelele, alisema. Alipanga upya chumba, watu wasizunguke ovyo.

Bi Pasi alikaa akatazama duka lake kwa macho mapya. Kabati kuukuu liliziba mlango wa nyuma, hivyo kila kapu la nguo lilizungushwa nyumba nzima kutoka kwenye kamba za kuanikia uani. Mumewe alitafuta soksi moja katika marundo matatu. Uvivu hakuuona. Aliona safari za bure.

Alikwenda chumbani kwa binamu yake, akaketi kitandani kando ya begi.

"Nimekukosea, mdogo wangu. Nilikupima kwa kipimo kibovu."

Binamu alifungua zipu. Kisha akaanza kutoa nguo zake kwenye begi.

Waliliondoa kabati. Mlango wa nyuma ukafunguka. Nguo za kila mteja zikafungiwa kitambaa chenye alama tangu zinapopokelewa. Baada ya miezi michache kila mtu alitoa nguo saba kwa saa, na kazi ilikwisha jua likiwa bado juu. Mume alirudia utani wake, mbaya kuliko wa zamani.

Halafu simu ikaja siku ambayo si Jumapili. Mdogo mtu aliuliza kwa sauti ya chini: kwa nini wateja wa dada hawarudishi nguo wakilalamika kwamba madoa hayakutoka? Kwake zilirudi kila siku, zikafuliwa upya, na saa zikapotea bure.

"Anayejua madoa hapa ni binamu," alisema Bi Pasi. "Njoo."

Mdogo mtu alivuka mpaka kwa basi juma lililofuata. Uani, binamu alimwekea beseni na shati lenye doa la wino. Mwenye watu watano akakunja mikono ya gauni, akachuchumaa.

"Usisugue kwa nguvu, dada," binamu alimwambia, akimshika kiganja. "Taratibu. Anzia pembeni, uende katikati."