Mchumba Aliyeonja kwa Ulimi Wangu

"Tomma, Jumapili ukae mbele yangu. Usikae pembeni, sitakuona vizuri."

Enno alifyonza chai kwenye kijiko, akaitema ndooni. Ndiyo kazi yetu waonjaji wa chai hapa mjini Leer: unafyonza kwa kelele, unatema, unahamia kikombe kinachofuata. Aliongea kama mtu anayeomba asogezewe chumvi, wakati dakika tano zilizopita alikuwa ameniambia anamuoa Levke, binti wa bosi wetu.

"Subiri kwanza," nikasema. "Jumanne ulilala kwangu."

"Tomma, usianze."

"Naanza wapi? Mimi nauliza tu. Sherehe ya uchumba wako, na mimi nikae mbele yako?"

"Mzee atatoa mchanganyiko mpya wa chai siku hiyo, na lazima atataka niseme neno mbele za watu. Shika sikio kama chai ni nzuri, shika pua kama ina kasoro. Kama siku zote."

Siku zote ilikuwa miaka mitatu. Mafua makali yalimwondolea Enno harufu na ladha, na hazikurudi. Alilia stoo, kichwa kwenye gunia la majani, na mimi niliyempenda nikamwambia asijali, nitaonja kwa niaba yake. Kupoteza pua si aibu. Lakini yeye alipandishwa cheo, akaitwa ulimi bora wa kampuni nzima, na mimi nikabaki kupima majani na kuchemsha maji.

"Kwa hiyo mke awe yeye, ulimi niwe mimi," nikasema.

"Mbona unalifanya baya? Ndoa ni ndoa, kazi ni kazi. Nikishakuwa mkwe wa mzee, unadhani nitakusahau?"

Akanipapasa shavu kwa mkono ulioloa chai. Nikajifuta shavu kwa kiganja.

Jioni akatuma ujumbe: "Usiwe na kinyongo mpenzi. Vaa ile blauzi ya bluu, itanisaidia kukuona haraka."

Niliusoma mara mbili, nikatamani kunawa mikono. Nikajibu: "Nitakuja."

Na nilikwenda, na blauzi nikavaa. Sijui nilikuwa mtu wa aina gani.

Nilipitia mlango wa jikoni. Levke alikuwa anafuta vikombe. Alikulia Munich kwa mama yake, huko wanakokunywa kahawa, na alikuwa na miezi miwili tu tangu arudi kwa baba yake.

"Dada Tomma, afadhali umefika. Njoo uone buli la bibi. Lilikuwa jeusi tii ndani, nusura nitapike. Nimelisugua kwa sabuni ya limau mpaka likawa jeupe."

Nikaliinamia. Buli la chai halioshwi kwa sabuni hata kidogo, unalisuuza kwa maji basi, na ule weusi ulikuwa chai ya miaka hamsini. Glezi yake, ile ngozi inayong'aa juu ya udongo, ilikuwa imejaa nyufa nyembamba, na kila ufa ulinukia limau.

"Umelisuuza vizuri?"

"Harakaharaka. Wageni walishaanza kugonga mlango."

Ningeweza kumwambia. Binti wa watu hakuwa amenikosea chochote, na maji yalikuwa palepale. Nikachukua kibakuli cha malai, nikaenda kukaa mbele ya Enno.

Saa tisa kamili bosi wetu, Bwana Ulfert, akamimina mwenyewe. Mabonge ya sukari yakapasuka vikombeni, malai yakashushwa pembeni kwa kijiko, na hakuna aliyekoroga, ndiyo desturi yetu. Mama yake, Bibi Gretje, akapiga funda la kwanza. Uso wake ukajikunja. Akameza kwa shida, kisha akatia kijiko ndani ya kikombe, maana yake asimiminiwe tena. Kwetu mgeni hanywi chini ya vikombe vitatu. Bibi alikuwa ameacha baada ya funda moja.

Nikaonja. Sabuni tupu, na povu jembamba limening'inia kwenye malai.

Enno alikuwa ananitazama. Nikaweka mikono yangu mapajani, nikaiacha hapo. Akakunja uso kidogo, akaona nimenuna tu, akaamua kujisemea.

"Mzee, nimeonja chai nyingi maishani. Hii ina mwili. Ina utamu kama wa asali, halafu nyuma kuna maua."

"Maua?" Bwana Ulfert akauliza taratibu. "Maua gani?"

"Ya shambani. Ni kitu laini, si kila ulimi unakipata. Naomba cha pili, hapo ndipo inafunguka zaidi."

Bwana Ulfert akammiminia. Wageni wote walikuwa wameshatia vijiko vikombeni. Enno akanywa mpaka nusu na kujilamba midomo, na mimi ninayeijua midomo ile nikageukia dirishani.

"Kijana," Bibi Gretje akasema, "unakunywa maji ya kuoshea vyombo."

Levke akaonja chake, akatemea kwenye kitambaa. "Baba, ni sabuni. Nimeliosha mimi buli. Samahani, bibi."

"Wewe umekosea kuosha," Bwana Ulfert akasema. "Huyu je? Enno, tangu lini huonji?"

"Mafua, mzee. Ya wiki hii tu."

"Jana ulinipitishia mzigo mzima wa chai ya Assam."

Enno akatafuta pa kushika, akanishika mimi. "Muulize Tomma. Kafanya makusudi, hakunipa ishara."

Watu wakamgeukia. Hata yeye akasikia alichokisema.

"Ishara ya nini?" Bwana Ulfert akaniuliza.

"Ya kumwambia chai ikoje. Miaka mitatu naonja mimi, anasema yeye."

"Kwa nini ufanye hivyo?" Levke akauliza.

"Nilikuwa mpenzi wake. Mpaka Jumanne."

"Jumanne alikuwa Emden, kwa wanunuzi."

"Alikuwa kwangu."

Levke hakulia. Alivuta pete kidoleni, ikakwama, akaivuta tena mpaka kidole kikawa chekundu, akaiweka kwenye sahani ya keki ya Enno.

"Ondoka," Bwana Ulfert akamwambia. "Na kesho usije kazini."

Nilimkuta Levke jikoni nilipokwenda kuchukua koti. Kabla sijafungua mdomo simu yangu ikalia. Ujumbe wa Enno, na alikuwa hata hajafika mwisho wa mtaa: "Mpenzi, yamepita. Sasa tuko huru. Tufungue duka letu, wewe uonje, mimi niuze."

Nikampa Levke asome. Akaurudisha mkono haraka kama ameshika panya aliyeoza.

"Huyu mtu ni mchafu," akasema.

"Ni mchafu."

Nikafuta namba yake mbele ya macho ya Levke. Nilidhani hapo tumemaliza.

"Uliinusa ile sabuni," akasema. "Ulijua."

"Nilijua."

"Ukaniacha nikawanyweshe watu, ili nikuangushie mtu wako."

"Ndiyo. Nisamehe."

"Sawa. Sasa niambie kitu kimoja. Kama buli lisingekuwa na sabuni, chai ingekuwa nzuri tu, ungeshika sikio?"

Nilitamani kumdanganya. Miaka mitatu nilikuwa nimewadanganya watu wa nyumba hii, uongo mmoja zaidi usingenishinda.

"Ningeshika," nikasema.

"Na mimi ningeolewa naye."

"Ndiyo."

Akanifungulia mlango. "Basi toka kwetu, Tomma."

Hakuniita dada tena. Nikatoka, na sikumchukia. Enno nilikuwa nimeshamtema. Aliyenichefua njia nzima mpaka nyumbani ni mimi mwenyewe.