Mistari ya Bibi

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, Chiriku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita nyuma ya soko, akaingia kituo cha mabasi, akakaa kwenye ukuta mfupi karibu na choo cha kulipia. Alikuwa akilisubiri basi la kijani, lile liendalo kwa bibi yake. Alipenda kuliangalia likipakia mizigo: magodoro, ndoo, kuku ndani ya kikapu. Dereva alipopiga honi na basi likatoka getini, alilisindikiza kwa macho mpaka vumbi likatulia. Ndipo alipojitwika mkoba akaondoka.

Jina la Chiriku alipewa na bibi kwa sababu ya kusema sana. Tangu yeye na mama wahamie mji huu, jina lilibaki lakini maneno yalipungua. Kichwani bado alikuwa na mistari aliyosukwa na bibi asubuhi ya kuondoka. Nywele mpya zilikuwa zimeota chini yake, na mistari ilikuwa imefumka na kusimama ovyo. Mwenzake wa dawati alimwuliza kama ndege wa kiota hicho ameshataga, na darasa zima likacheka. Mama naye kila jioni alimwambia alete hicho kichwa kifumuliwe, na kila jioni Chiriku alipata kisingizio. Aliona kwamba mistari ile ikifumuliwa, mikono ya bibi nayo itakuwa imemtoka.

Walipanga vyumba viwili. Cha nyuma walilala na kupika. Cha mbele mama alikipaka rangi nyeupe, akaweka meza, viti viwili na ubao mpana uliopigiliwa vifungo, zipu, kufuli na bomba la maji lisilotoa maji. Mama hakuwa daktari wala muuguzi. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu walioumia au kuugua wafanye tena mambo yao ya kila siku: kushika kijiko, kufunga shati, kuandika, kurudi kazini. Aliifanya miaka mingi katika hospitali kubwa, sasa alitaka kujitegemea.

Shida ni kwamba watu hawakuijua kazi ile. Mgonjwa humsikiliza daktari wake, na madaktari wa mtaa ule hawakujua kwamba mama yupo. Mteja wake alikuwa mmoja tu, kijana wa gereji aliyekatwa kidole. Siku nyingine mama alikaa tangu asubuhi akifuta vumbi lisilokuwepo.

Usiku mmoja Chiriku alimsikia akizungumza na bibi kwa simu. Mama alisema kwamba wagonjwa wasipoanza kuja kabla shule hazijafungwa, atafunga chumba na wote wawili watarudi nyumbani. Chiriku alijifunika shuka hadi kichwani, na huko ndani akatabasamu.

Wiki iliyofuata mama alipata wazo. Aliandika kadi za kuwaalika madaktari wa zahanati za jirani waje Jumamosi asubuhi, wanywe chai na kuona kazi yake. Zahanati zote zilikuwa kwenye njia ya shule. Yeye mwenyewe hakuweza kwenda, kwa kuwa mgonjwa akija akakuta kufuli hatarudi tena. Isitoshe, mbele ya madaktari ulimi wake ulikuwa mzito.

"Wewe ndiye mwenye mdomo," alimwambia Chiriku. "Ingia, amkia, mpe daktari mkononi, mwambie mama anamkaribisha."

"Ndiyo, mama."

Lakini alipofika kwenye geti la bluu la zahanati ya kwanza, miguu ilikataa. Alifikiri, daktari huyu akija, ataleta wagonjwa. Wagonjwa wakija, hatutarudi. Akapitiliza hadi kituo cha mabasi, akakaa kwenye ukuta wake. Alifanya hivyo siku zote za wiki ile. Ijumaa, basi la kijani lilipokwisha kuondoka, alizitumbukiza kadi zote kwenye pipa la taka, akaweka maganda ya machungwa juu yake.

Jumamosi mama aliamka mapema. Aliazima viti kwa majirani, akatandika kitambaa, akajaza chupa mbili za chai. Alivaa gauni lake la bluu, akasimama mlangoni. Kila gari lililopunguza mwendo alilitazama, akarekebisha kola. Magari yote yalipita. Chai ilipoa. Jua lilipofika katikati, mama aliketi mbele ya ubao wake akaanza kufunga vifungo na kuvifungua, kimoja baada ya kingine.

Chiriku alijua kwamba hilo ndilo alilolitaka, na bado aligeuza uso asimwone mama.

"Watu wana shughuli zao," mama alisema mwishoni, kama anayemtetea mtu. "Haya, rudisha viti vya watu."

Kiti cha mwisho kilikuwa cha msusi, mwanamke wa nyumba ya kona ambaye watoto wote wa mtaa walimwita Shangazi. Chiriku alimkuta barazani. Binti yake alikuwa akimsuka mteja, na Shangazi alikuwa akielekeza kwa mdomo tu: kaza hapo, hapo umepinda. Mkono wake wa kulia ulilala mapajani kama kitu alichowekewa na mtu mwingine.

Chiriku aliamkia, akaweka kiti. Shangazi alimtazama kichwani, akamwita karibu. Alipapasa ile mistari iliyochakaa kwa mkono wa kushoto, taratibu, toka kwenye paji hadi kisogoni.

"Nani alikusuka?"

"Bibi yangu."

"Ana mkono mwepesi. Tazama anavyoanza, hata huoni alipoanzia." Akautazama mkono wake wa mapajani. "Mimi nilikuwa hivyo."

Akamweleza kwamba alipatwa na kiharusi. Mguu ulirudi, maneno yalirudi, mkono ukabaki nyuma. Siku hizi binti yake ndiye anayesuka, na wateja wanakuja kwa huruma. Binti alicheka akasema wanakuja kwa sababu bei ameshusha. Chiriku alimwuliza kama amekwenda hospitali.

"Nilikwenda pale kwenye geti la bluu. Daktari ni mtu mwema. Aliniambia dawa zimemaliza kazi yake, nishukuru kuwa hai. Nashukuru. Lakini nikiona kichwa cha mtu, vidole hivi navisikia vinataka kwenda, ila haviendi." Akavuta pumzi. "Angejua pa kunipeleka, yule angenipeleka."

Kisha akauliza kama vifungo vya mama vinauzika, maana alimwona na ubao umejaa vifungo akadhani ndiyo biashara yake.

Chiriku hakuweza kucheka. Alimwelewa mwanamke yule kuliko alivyotaka. Yeye alikuwa na hamu ya mikono ya bibi. Shangazi alikuwa na hamu ya mikono yake mwenyewe. Alirudi nyumbani mbio, akamkuta mama akimwaga chai iliyopoa.

"Mama, hawakukataa kuja. Sikuwapa kadi. Nilizitupa."

Akaeleza yote: ukuta wa kituo, basi la kijani, simu ya bibi, halafu Shangazi na mkono wake. Mama alisikiliza chupa ikiwa mkononi. Hakumpiga wala hakufoka. Aliketi, akaifunika chupa, akaifunua, akaifunika tena, hata Chiriku akatamani angefoka.

Jumatatu baada ya shule mama aliweka kufuli kwenye mlango wa mbele, kwa mara ya kwanza tangu wahamie. Walikwenda wote wawili hadi geti la bluu. Daktari, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliwapa dakika chache kati ya mgonjwa na mgonjwa. Mama alijaribu kueleza, akajikwaa, akarudia. Daktari akatazama saa. Ndipo Chiriku akafungua mdomo.

"Daktari, ulimwambia msusi wa kona ashukuru kuwa hai. Anashukuru. Lakini anataka kusuka."

Daktari alivua miwani. Alimgeukia mama, akamwuliza kama kweli mkono ule unaweza kurudi.

"Siwezi kukuahidi utarudi kama zamani," mama alisema, na sasa ulimi haukuwa mzito. "Nataka kwanza uniambie kama presha yake inaruhusu. Kisha nitaanza naye, na kila hatua nitakuletea habari, nzuri au mbaya."

Daktari alisema kwamba waliokuja kumwahidi miujiza ni wengi, lakini wa kumletea habari mbaya hajawahi kumpata. Akaahidi kumpima Shangazi, kisha kuja mwenyewe kutazama.

Alikuja. Alirudi tena na daktari mwenzake, naye akamwambia mwingine. Wagonjwa wakaanza kuja: fundi seremala, mwalimu, mtoto aliyeungua mkono. Shule zilipokaribia kufungwa, hakuna aliyezungumzia kufunga chumba. Chiriku alijua maana yake. Usiku mmoja alilia, na mama akamsikia.

"Kumkumbuka bibi si kosa," mama alimwambia gizani. "Mimi pia ninamkumbuka, ila sikukwambia, na hapo nami nilikosea. Hamu ukiificha, mwanangu, inakutuma kufanya mambo, na anayeumia ni mtu ambaye hata humjui. Siku nyingine niambie tu. Likizo utapanda lile basi, utakwenda kumwona."

Asubuhi Chiriku alileta kichana mwenyewe. Mama alifumua mistari ya bibi, mmoja mmoja.

Mchana Shangazi alifika kwa zoezi lake. Kwa muda mrefu alikuwa amebana vibanio vya nguo na kusuka nyuzi zilizofungwa kwenye ubao. Leo mama alimkalisha kwenye kiti cha juu, na Chiriku akaketi chini, kati ya magoti yake. Vidole viligusa paji la uso wake, vikatetemeka, vikateleza, vikaanza upya. Mstari ulikwenda polepole na ulipinda. Chiriku aliusikia ukipinda. Mama alisimama kando na mikono yake nyuma, asisaidie.

Mbali, nyuma ya soko, basi la kijani lilipiga honi. Chiriku alitaka kugeuka.

"Tulia," Shangazi alisema. "Nimekushika."