Tarehe ya Koridoni

Mawingu yakikusanyika, nyumba ya fundi seremala haikaliki. Mbao zinakimbizwa ndani kutoka uani anakofanyia kazi. Kabati la mteja linasukumwa sebuleni. Miguu ya meza inalazwa kitandani, na wenye kitanda wanajibana pembeni kama wageni.

"Mume wangu," mkewe alisema jioni moja, huku akitoa maranda kwenye sufuria, "mimi niliolewa na seremala, sikuolewa na mbao."

Fundi alicheka kidogo tu. Karakana aliyoachiwa na baba yake ilikuwa palepale kando ya barabara, imefungwa kufuli. Mwenye duka wa jirani alidai kiwanja ni chake. Fundi akafungua kesi. Mahakama ikaamuru karakana ifungwe, asiingie huyu wala yule, mpaka kesi iamuliwe. Mvua zikaja, zikaenda, na kesi haikusikilizwa. Wateja wakubwa walihama. Fundi aliogopa kwamba karakana ya baba yake itaoza imefungwa, na hofu hiyo ilimnyima usingizi.

Kesho yake alikuja jirani mwingine kuchukua kigoda chake. Mama huyu alikuwa msaidizi wa sheria. Mtaa mzima ulimwita Bi Kwanini, maana hakuishiwa maswali.

"Shemeji, kesi imefika wapi?"

"Ipo palepale. Jalada halionekani."

"Nani kasema?"

"Karani. Kila tukienda anatoka koridoni, anatuambia jalada halionekani, anatupa tarehe nyingine. Tunarudi nyumbani."

"Na hakimu anasemaje?"

Fundi na mkewe wakatazamana.

"Hakimu hatujawahi kumwona," mke alijibu.

"Kwa nini hamuingii ndani?"

"Tuingie tukafanye nini, na jalada hakuna?" fundi aliuliza. "Mnyonge hana haki, Bi."

"Anayo, ila hawezi kuipatia koridoni! Sikilizeni. Tarehe inatolewa na hakimu, mbele ya wenye kesi, na inaandikwa. Mkiondoka bila kumwona, anaweza kuandika kwamba hamkufika. Mwisho wake kesi inafutwa."

Mke wa fundi akashika kichwa. "Masikini sisi! Tunaamka alfajiri kumbe hatuendi popote!"

"Safari hii ingieni," Bi Kwanini alisema. "Simameni, mtaje namba ya kesi, mwombe iandikwe kwamba mmefika. Chukueni nakala zenu zenye mhuri wa mahakama. Jalada likikosekana kabisa, ombeni lifunguliwe jingine kwa nakala hizo. Msiposikilizwa, pelekeni malalamiko kwa msimamizi wa mahakama. Hakimu naye ana mkubwa wake."

Siku ya kesi ilifika. Karani akatoka na kutangaza koridoni, "Jalada halionekani. Rudini mwezi ujao." Fundi, kwa mazoea, akaanza kuondoka. Mkewe akamvuta shati. Wakaingia ndani. Mwenye duka, ambaye naye alikuwa koridoni akisubiri kesi hiyo, alipowaona alihofia watamsema akiwa hayupo. Naye akaingia mbio.

Zamu yao ilipofika, fundi alisimama. Akataja namba ya kesi na kueleza yote.

Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, alimgeukia karani. "Litafute sasa hivi."

Karani alipekua kabati hadi akalipata. Lilikuwa kwenye rundo la kesi zinazosubiri kufutwa. Hakimu akasoma. Kila tarehe alikuwa ameandika mwenyewe: pande zote hazikufika.

"Tulifika, Mheshimiwa," fundi alisema.

"Hata mimi nilifika," mwenye duka alidakia. "Tunakaa benchi moja, tunanuniana."

Watu wakacheka. Karani aliinamisha kichwa. "Mheshimiwa, majalada ni mengi na yamechanganyika. Asubuhi silioni. Nikilipata mchana na kukuletea, wenyewe wameshaondoka."

Hakimu alivua miwani. "Karani amekosea. Lakini mahakama hii naiongoza mimi. Niliandika kwamba hamkufika bila kuuliza mko wapi. Nawaomba radhi."

Kisha akaamuru mbele ya wote: hakuna tena tarehe ya koridoni. Kila kesi itaitwa ndani, hata ile ambayo jalada lake halijaonekana. Majalada yapangwe upya kwa namba. Kesi zilizokaa muda mrefu aliahidi kuzitolea taarifa kwa mkubwa wake kila mwezi.

Kesi ikasikilizwa. Mashahidi walikuja, na hakimu akaja kiwanjani kuuona mpaka kwa macho yake. Hukumu ilimpa fundi karakana yake. Ukumbi wa pembeni, ulioungana na karakana, ulikuwa wa mwenye duka kweli, na fundi akauachia. Uamuzi huo ulimuuma, lakini aliukubali.

Kufuli lilipofunguliwa, fundi aliingia akashika meza ya kazi ya baba yake. Alilia bila kujificha.

Mwenye duka alibaki nje, akikuna kidevu. "Fundi, huu ukumbi wangu hauna mlango. Utanitengenezea?"

"Nitakutengenezea."

"Lini?"

Fundi akataja siku.

"Usimwambie tu," mkewe alisema. "Andika, naye aone."

Fundi akatoa penseli nyuma ya sikio. Akaandika tarehe ukutani, wote watatu wakitazama. Siku hiyo ilipofika, mlango ulikuwa tayari.