Abiria wa Kiti cha Nyuma

Asubuhi moja Cubaka alikuta springi za nyuma zimebonyea. Pikipiki yenyewe ilikuwa bado mifupa mitupu: shasi, magurudumu yenye meno ya kung'ata tope, na kiti kirefu alichokishona mwenyewe. Haikuwa na injini wala tangi. Hakuna mtu aliyeikalia. Lakini springi zilikuwa chini, zimekaza, kama zinavyokaza abiria mzito akishapanda.

Alijaribu kuinua kiti kwa mikono miwili. Kilikataa. Kisha kikapanda chenyewe, taratibu.

"Springi zimezeeka," alijiambia, akafunga nyingine.

Cubaka alikuwa fundi wa pikipiki za milimani. Nyumbani kwake mtaani Katoyi, ndani ya ua wa mawe meusi ya volkeno, motari wanaobeba abiria milimani Masisi walimletea mashine zilizomeza tope mpaka kwenye kabureta, naye alizifumua, akazisafisha, akazirudisha barabarani. Hii moja alikuwa anaijenga kwa ajili yake na mkewe Dorine, ambaye alikuwa karibu kujifungua mtoto wao wa kwanza. Shasi aliipata kwa muuza vyuma chakavu aliyeishusha kutoka milimani. Ilikuwa imepinda, akainyoosha kwa moto na nyundo. Injini ilikuja kwa njia ya mpaka wa Bunagana. Ekzosi aliipandisha juu ili isinywe maji mitoni. Kila jioni aliizunguka akiitazama, mikono yake ikinuka petroli, moyo wake umejaa.

Springi mpya nazo zikabonyea.

Siku ileile Dorine alikuwa anaanika nguo karibu na pikipiki. Akasimama ghafla, shuka mkononi.

"Cubaka, ni nani anapumua hapa?"

"Ni mimi."

"Hapana. Huyu anapumua kama mutu mwenye uchungu."

Cubaka aliweka msasa chini akasikiliza. Alisikia pumzi fupi, za kukatakata, zikitoka juu ya kiti kitupu. Kulikuwa na harufu pia, ya udongo mbichi na maziwa yaliyochacha, nayo ilishinda hata harufu ya petroli. Hakumwambia mkewe kwamba amesikia. Usiku wakati wa kulala Dorine alilalamika kiuno, naye alipomulika taa aliona alama za vidole pande zote mbili, nyekundu, kama za mtu aliyemshikilia asianguke.

Alitaka kuacha kazi ile. Hakuweza. Injini ilikuwa imekwisha kukaa mahali pake, na fundi ni fundi: alitaka kuisikia ikiunguruma.

Akaijaribu mchana kweupe kwenye barabara ya Sake. Iliwaka kwa teke la kwanza. Mwanzoni alifurahi kama mtoto. Halafu akahisi sehemu ya nyuma ni nzito, usukani umekuwa mwepesi, kama mtu akibeba abiria. Karibu na Mugunga wanawake waliokuwa wanauza makaa walimpungia mikono kwa hasira.

"Wee motari! Pole-pole! Hauone huyu mama iko na mimba?"

Cubaka alipunguza mwendo. Nyuma yake hapakuwa na mtu, alikuwa na hakika hiyo, lakini alipoangalia kioo cha pembeni aliona ncha ya kitenge cha kijani ikipepea, na hapohapo mikono miwili ya baridi ikamzunguka tumbo, ikakutana mbele, ikafunga vidole, na pumzi zile fupi zikaanza kupiga shingoni mwake, moja baada ya nyingine, na katikati ya pumzi sauti ya mwanamke ikasema karibu sana na sikio lake, "Endesha, papa, usisimame, endesha."

Hakukumbuka vizuri alivyogeuza. Alipofika nyumbani aliing'oa magurudumu, akafungua mnyororo, akatupa kiti kwenye kona ya ua. Alidhani amemaliza.

Ndani Dorine alipiga kelele.

Alimkuta amekaa kitandani, miguu ameitanua kama mtu aliyepanda pikipiki, mikono imekumbatia hewa mbele yake. Macho yake yalimtazama bila kumjua.

"Motari," alisema, na sauti haikuwa yake, ilikuwa na lafudhi ya milimani, "kwa nini umetoa magurudumu? Tutachelewa."

Cubaka alikimbia kumwita Mama Philomène, jirani aliyekimbia vita Masisi, mwanamke mfupi mkali aliyetoa pepo kwa sala na majani machungu. Mama Philomène alifika na rozari mkononi. Alipoona jinsi Dorine alivyokaa, akaizungusha rozari mkononi akasogea kitandani.

"We ni nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Marcelline."

"Unaenda wapi, mwanangu?"

"Kwenye materinite, nikazae. Mutoto anakuja. Pikipiki ilianguka kidogo tu, lakini motari anajua njia."

Mama Philomène alimvuta Cubaka mlangoni.

"Huyu hajue kama alikufa wakati pikipiki ilianguka, yeye na motari wake," alinong'ona. "Nikimufukuza atashika mimba ya Dorine, atasema ni yake. Rudisha magurudumu. Umufikishe."

"Nimubebe tena?"

"Unataka mutoto wako azaliwe mukononi mwa nani?"

Ndani Dorine aliguna; maji yalikuwa yameanza kumtoka. Cubaka alipiga magoti uani, mvua ikaanza kunyesha, spana zikimteleza, mnyororo ukikataa kuingia menoni, na kila alipokaza nati alisikia kilio cha mkewe kikichanganyika na kilio kingine kisichokuwa chake, mpaka akawa hajui tena ni yupi anayemuita, akakaza nati ya mwisho kwa vidole vilivyochubuka, akarudisha kiti, akapanda, na kabla hajapiga teke springi za nyuma zikashuka. Ndani ya nyumba Dorine akanyamaza.

Aliendesha katika mvua ile bila kufikiri. Aliacha lami, akapita vichochoro vya mawe, akapanda kilima kidogo, akasimama mbele ya jengo lililofungwa zamani, paa limeng'olewa nusu.

"Mama," alisema, meno yakigongana, "tumefika."

Mikono ikamwachia tumbo. Springi zikapanda. Alisikia kandambili zikiingia mlangoni, kisha kimya, kisha kilio cha mtoto mchanga kutoka ndani ya jengo lile lisilo na mtu, kikakatika.

Aliporudi, Dorine alikuwa amelala, binti wao kifuani, wote wazima. Cubaka alilia bila aibu. Mama Philomène alimpa kikombe cha chai ya moto.

"Aksanti kwa Mungu," alisema. "Ulimupeleka wapi?"

Cubaka alimweleza jengo, kilima, vichochoro.

Mama Philomène aliweka birika chini.

"Ile materinite ilifungwa kabla ujenge hapa," alisema. "Ulishafika kule siku moja?"

"Hapana."

"Mimi sikukuambia njia. Sasa nani alikuonyesha?"

Cubaka alihisi joto mapajani. Chai ilikuwa inamwagika. Alitazama chini, akaona mkono wake wa kulia umekibana kikombe na kifundo kinajizungusha chenyewe, taratibu, kuelekea kwake, kama wa motari anayeongeza mafuta.