Mbavu za Fuko

Fuko, roboti ya kuchimba barafu, ilikuwa ikipasua mwamba mbele ya wageni wa sherehe, mwisho wa barabara kuu ya mji wa Nuruni, huko Mwezini. Nyuma yake palikuwa na ukuta wa kioo, na nje ya kioo hapakuwa na hewa. Rukaya, mhandisi aliyeishughulikia Fuko kwa miaka minne, alikuwa akitabasamu pale king'ora kilipolia.

Kombo, msimamizi wa barabara, alitoa habari redioni. Garielea, gari linaloelea juu ya sumaku za barabara, lililoleta chakula cha sherehe lilikuwa limepoteza breki. Ndani alikuwemo Bi Mgeni, mama mkwe wa Rukaya, na masufuria yake ya pilau.

Kombo alisema angeweza kuzima sumaku za barabara kwenye kipande cha mwisho tu, ili gari lianguke lijisugue na sakafu. Rukaya akapiga hesabu. Msuguano hufuata uzito, na Mwezini vitu ni vyepesi. Gari lingefika pale ilipo Fuko likiwa bado na mwendo wa mita sita kwa sekunde. Lingehitaji mita arobaini na tano zaidi ili lisimame, na hadi kwenye kioo zilibaki kumi.

Gari lilikuwa na tani moja, Fuko tani mbili. Vikigongana vikanasana, mwendo uleule utagawanywa kwa tani tatu: mita mbili kwa sekunde. Hapo msuguano ungevisimamisha ndani ya mita tano.

“Zima sumaku,” akasema. “Na umwambie mama akaze mkanda.”

Akawaondoa wageni, akafunga magurudumu ya Fuko, akaigeuza ili ilikabili gari kwa kifua.

Kishindo kilitikisa sakafu. Vyuma vilikumbatiana, vikaburuzika vikikwaruza, vikatulia. Kioo kilikuwa bado umbali wa mita tano.

Bi Mgeni alitolewa mzima, kanga imelowa mchuzi. Alimtazama Rukaya, kisha ile roboti iliyokunjika.

“Huyu ndiye aliyenipokea?”

“Ndiye, mama. Theluthi mbili ya nguvu za ule mwendo zimeishia mbavuni mwake.”

“Atapona?”

“Nitamuunda upya. Labda miaka miwili.”

Bi Mgeni akakung'uta wali begani, akafikiri.

“Basi watoto wako nitawalea mimi,” akasema. “Wewe muuguze mwenzio. Lakini kwanza fungueni masufuria, wageni wana njaa.”