Mwenyewe Aje Achukue

Awoi alikuwa uani anachambua maharagwe, mawe upande huu, mazima upande ule, mashine yake ilipolia ndani ya nyumba. Ililia mara moja tu, tiii, kama inavyolia ikipita juu ya chuma. Akainua kichwa. Betri za mashine hiyo alikuwa amezitoa asubuhi akazitia kwenye redio, na redio ilikuwa hapo miguuni pake, ikisoma matangazo ya vifo.

"Akai, umegusa mashine yangu?"

"Mama, si niko hapa na wewe?" binti yake akajibu.

Kabla hajainuka, simu ikaita. Alikuwa Kowsar, mwenye duka la vitambaa kule Kakuma.

"Mama Akai." Sauti ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeongea ndani ya shuka. "Njoo uchukue kitu yako."

"Kitu gani?"

"Ile ulituletea. Tunaitoa kwa mguu ya Ayaan, tukigeuka iko kwa mguu tena. Mtoto halali, hali. Anaita jina yako."

Awoi akaweka ungo chini. Hakuuliza zaidi, maana sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa ikiingoja simu hiyo.

Mashine ile ya kutafutia chuma aliachiwa na kaka yake, aliyechoka kutafuta dhahabu asiipate. Mto Kawalase ukikauka, na kazi za nyumba zikimpa nafasi, Awoi alishuka kuipitisha juu ya mchanga hapo Lodwar. Hakuuza alichokipata. Pete za ndoa, funguo, misalaba, vyote aliwatafuta waliovipoteza akawarudishia. Hakuwa na starehe nyingine. Na kila alipofukua kitu alisimama akaita kwa sauti, nusu mchezo: "Mwenyewe aje achukue!"

"Siku moja utanirudisha na mimi kwa mama yangu," mumewe Erupe alimtania.

"Mama yako alishasema hapokei."

Kikuku cha fedha alikikuta mbali na mahali watu wanapooga. Kilikuwa kimefukiwa chini sana, katika kitambaa cheusi chenye mafundo juu ya mafundo, na msumari umepitishwa katikati. Yote hayo aliyaona. Mtu hapotezi kitu kwa mafundo. Lakini fedha ilikuwa safi, njuga ndogo zimeizunguka, jina Magool limechongwa kwa ndani, naye alikuwa ameshaanza kuwaza jinsi wenyewe watakavyofurahi. Akasimama, akaita. Ng'ambo ya mto mtu akaitika. Awoi akadhani ni mchungaji.

Picha ilizunguka kwenye simu mpaka Kakuma, ikajulikana kwamba Magool alikuwa marehemu mama yake Kowsar. Awoi akakipeleka mwenyewe. Watu walijaa mbele ya duka, simu juu, wakirekodi. Kowsar alipokiona alirudi nyuma, kisha akazitazama zile simu, akatabasamu kwa mdomo peke yake. "Asante, dada," alisema. Awoi aliuona uso ule vizuri kabisa. Akajiambia ni furaha, kwa sababu makofi yalikuwa yameshaanza.

Sasa alifika Kakuma alasiri, jua bado kali, akakuta chumba cha nyuma ya duka kimefungwa madirisha. Ubani ulikuwa ukifuka, na chini ya ubani kulikuwa na harufu nyingine, ya mchanga uliolowa, kama mto ukishuka kwa mafuriko. Ayaan alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, haitikisiki. Njuga zilikuwa zikilia.

Sheikh Mohamedamin, mzee aliyekuwa akimsomea, alifunga msahafu.

"Huyu jini alikuwa wa Magool," alisema. "Magool alipokufa nikamfunga ndani ya kikuku, tukampeleka mbali, tukamzika kwa mchanga. Hakupotea, mama. Alizikwa."

"Si mngeniambia!" Awoi akamgeukia Kowsar.

"Mbele ya watu wote wale?" Kowsar akanong'ona. "Niseme kwetu iko jini? Nani ataingia duka yangu? Nani ataoa mtoto wangu?"

Awoi akataka kujibu, lakini Ayaan alikuwa amegeuza shingo polepole kumtazama, na yule mtoto ambaye hakujua neno la Kiturkana akamsalimu "Ejok," kwa adabu, kama mgeni anayefika mlangoni, kisha akafungua kinywa zaidi kuliko kinywa cha mtoto kinavyofunguka, na sauti iliyotoka humo, huku njuga zikilia kwa kasi na harufu ya mchanga ikipanda mpaka Awoi akaionja kwenye ulimi, ilikuwa sauti ya Awoi mwenyewe, ile ya kule mtoni, yenye furaha, iliyojaa hamu ya sifa: "Mwenyewe aje achukue!"

"Umesikia," Sheikh akasema. "Ulimwita mwenyewe bila kutaja jina. Aliyeitika ni yeye. Sasa kumzika tena haiwezekani, ameshaitwa. Atamwacha mtoto kama wewe uliyemwita utasema ni wako. Na utasemea pale pale ulipomkabidhi Kowsar kikuku, mbele ya watu."

Awoi akakivua kikuku mguuni kwa Ayaan. Kilikuwa baridi kama kitu cha kaburini. Akatoka nacho barazani.

"Si ni yule mama wa video!" mwanamke mmoja akachangamka. "Leo umetuletea nini?"

Simu zikainuka. Awoi akatazama viatu vyake.

"Hiki kikuku si cha Kowsar. Nilidanganya. Ni changu."

Mtu akacheka.

"Kumbe alikuwa anatafuta sifa!"

Na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilimchoma kuliko neno la uongo alilolisema yeye. Ndani ya duka Ayaan akalia kilio cha kawaida cha mtoto aliyeamka, akamwita mama yake. Kowsar akakimbilia ndani. Hakugeuka kumtazama Awoi.

Video mpya ilimtangulia nyumbani. Akai alikuwa ameshapika yale maharagwe. Erupe alikuwa na simu mkononi.

"Umesema ulidanganya?"

"Nimesema."

"Na si kweli. Mimi nilikuona ukikileta kutoka mtoni."

"Tule kwanza."

Alipakua mwenyewe, macho chini, kwa sababu hakutaka kuona jinsi watoto wanavyomtazama. Akawahesabu kama kila jioni: Akai, Lokol, Ebei mdogo, baba yao, na yeye. Wote wapo.

Kule kwenye kona mashine isiyo na betri ikalia, tiii, ndefu, haikati. Mkeka ukabonyea kando ya Awoi, polepole, kama mtu mzima anayekaa baada ya safari. Harufu ya mchanga mbichi ikaja.

Hakuna aliyejongeza mkono kwenye chakula.

Awoi akachukua sahani nyingine, akapakua maharagwe, akaiweka pale mkeka ulipobonyea. Mashine ikanyamaza.

"Mama," Akai akanong'ona, "huyo ni wa nani?"

"Ni wangu," Awoi akasema. "Kuleni."